Jamhuri ya China na Jamhuri ya Watu wa China: neno moja limenilaza bandarini siku nne

Fundi Cheni (mleta uzi)

Wakuu, heri ya jioni.

Naanza na mkasa, hoja inafuata. Mimi nauza vipuri vya baiskeli: cheni, spoki, pedali, rimu. Cheni nazitoa Taichung, Taiwan, kwa sababu za kule hazilegei haraka, na mafundi wangu wa Tandika na Mbagala hawataki kusikia nyingine. Mwezi uliopita mzigo umefika Dar, nikampa wakala makaratasi. Kijana wake akakaa kwenye kompyuta, akafika sehemu ya nchi ya asili, akashuka na orodha mpaka herufi T, akakuta pameandikwa Taiwan, Jimbo la China. Akawaza, kama ni jimbo la China basi ni China. Akajaza CN, alama ya China. Cheti cha asili kinasema TW. Mhuri kwenye cheti hichohicho unasema Jamhuri ya China. Majina matatu, kisiwa kimoja. Mzigo ukalala siku nne, na storeji nimelipa mimi.

Nilipomuuliza akanijibu kwa upole kabisa: "Mzee, si wote Wachina?"

Ndiyo maana nimekuja hapa. Sikumkasirikia sana, maana swali lake limewashinda wakubwa wenye majengo New York.

Jamhuri ya China ilizaliwa 1912 baada ya utawala wa kifalme wa Qing kuanguka. Wakati huo Taiwan haikuwemo. Qing walishaikabidhi kwa Japani mwaka 1895 kwa mkataba wa Shimonoseki, na Wajapani wakakaa miaka 50. Waliposhindwa vita 1945, majeshi ya Chiang Kai-shek, kiongozi wa Jamhuri ya China, yakakichukua kisiwa. Miaka minne baadaye Chiang naye akapigwa na Mao, kiongozi wa Wakomunisti, kule China bara. Tarehe 1 Oktoba 1949 Mao akatangaza Jamhuri ya Watu wa China. Desemba hiyo Chiang akahamia Taipei na bendera yake, dhahabu ya hazina, na madai kwamba China yote bado ni yake.

Sasa shikeni mambo mawili kwa pamoja. Hakuna siku Taiwan imewahi kutangaza kwamba imejitenga. Na tangu 1949 hakuna siku Beijing imekusanya hata senti ya kodi Taipei. Yote mawili ni kweli, na ndipo vichwa vinapoanza kuuma.

Halafu kuna mkataba wa San Francisco wa 1951. Japani ilikubali rasmi kuiachia Taiwan, lakini mkataba haukuandika imemwachia nani. Serikali zote mbili za China hazikualikwa, kwa kuwa Marekani na Uingereza hazikukubaliana ni ipi iitwe. Ni kama mpangaji amehama, ameacha funguo mezani, na ndugu wawili wote wanasema nyumba ni ya baba yao.

Karibuni. Wenye matusi wapite kule jukwaa la siasa.

Kambi Popote

Naweka kiti hapa. Kahawa iko wapi?

Reli ya Uhuru

Mkuu Fundi Cheni, umeandika vizuri ila umeruka sehemu inayotuhusu sisi. Suala hili lilishaisha 25 Oktoba 1971, na Tanzania tulikuwepo mstari wa mbele. Azimio namba 2758 la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipita kwa kura 76 dhidi ya 35, wasiopiga upande wowote 17. Nchi zilizodhamini rasimu zilikuwa 23 na sisi tumo. Balozi wetu pale alikuwa Salim Ahmed Salim, kijana wa miaka 29, ambaye alishatoka kuwa balozi Beijing. Matokeo yalipotangazwa ujumbe wetu ulishangilia ukumbini, na habari zikaenda dunia nzima kwamba Watanzania wamecheza. Aliyekuwa amekaa upande wa pili kwa niaba ya Marekani ni George Bush mkubwa.

Na Marekani hawasahau. Mwaka 1981 Salim alipogombea Ukatibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa walimwekea kura ya turufu raundi baada ya raundi, China nayo ikawa inamzuia Waldheim, Katibu Mkuu aliyekuwepo, mpaka wote wawili wakakaa pembeni akapita Pérez de Cuéllar wa Peru. Bush wakati huo ni Makamu wa Rais. Jumlisha mwenyewe.

Miaka hiyohiyo ya sabini Wachina wanatujengea reli ya kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi, Zambia, baada ya wazungu kusema haina faida. Babu yangu alikuwa kwenye genge la Mlimba. Kwa hiyo kwangu China ni moja na mjadala umefungwa.

Fundi Cheni

Reli ya Uhuru, heshima kwa babu. Lakini soma azimio lenyewe. Ni fupi, halijai ukurasa. Linasema haki zote za China zirudishwe kwa Jamhuri ya Watu wa China, na wawakilishi wa Chiang Kai-shek wafukuzwe mara moja kwenye kiti wanachokikalia isivyo halali. Neno Taiwan halimo. Tafuta ukilipata uniletee, nakupa cheni bure.

Wanaosema kama wewe wanasema halikuhitaji kuwemo, kwa sababu kama China ni moja na kiti ni kimoja, kisiwa kinafuata kiti. Wanaosema kama mimi wanasema kura ile iliamua nani akae kwenye kiti, haikuamua nani mwenye shamba. Beijing na Washington wanabishana hivyo mpaka leo, na kila mmoja ana wanasheria wanaokula vizuri.

Mchuma Karafuu

Niulize tu kama mtu asiyejua: mbona Ujerumani mbili ziliingia zote 1973? Mbona Korea zote mbili zimeingia 1991? Si wangempa kila mmoja kiti, watu wakalale?

Mwalimu wa Zamu

Swali zuri, na jibu lake wengi hawalipendi. Waliokataa viti viwili walikuwa Wachina wenyewe, pande zote mbili. Mao hakutaka kusikia habari ya China mbili, na Chiang vilevile. Msemo wa Taipei enzi hizo, ukiuleta kwa lugha yetu, ni kwamba muungwana na mwizi hawakai baraza moja. Marekani ilijaribu 1971 kuleta mpango wa viti viwili, ukafa. Usiku wa kura wajumbe wa Taipei waliinuka wakatoka kabla azimio halijapigiwa kura ya mwisho. Kwa hiyo leo kijana wa Taipei akilalamika kwamba nchi yake haina hata kiti cha nyuma, sehemu ya lawama inakwenda kwa mzee Chiang, ambaye sanamu yake bado imekaa katikati ya mji.

Tukumbuke pia kwamba Chiang hakuwa mwanademokrasia wa kuonewa. Februari 1947 wenyeji walipoinuka dhidi ya utawala wake waliuawa kwa maelfu, na sheria ya kijeshi ilikaa kuanzia 1949 mpaka 1987. Raia wa Taiwan wamemchagua rais wao moja kwa moja kwa mara ya kwanza 1996, huku makombora ya majaribio ya Beijing yakitua baharini karibu na bandari zao.

Sasa nije kwenye kitu kinachonikera kama mwalimu wa Kiswahili. Neno letu "kutambua" limebeba mizigo miwili. Tukisema "Tanzania inaitambua serikali ya Beijing" maana yake tumeipa hadhi. Tukisema "natambua kwamba una njaa" maana yake nimeelewa tu, sijakuahidi ugali. Katika tamko lililoanza kazi 1 Januari 1979, Marekani ilitumia maneno mawili tofauti. Kwa serikali ya Beijing ilitumia lile la kutoa hadhi. Kwa dai kwamba Taiwan ni sehemu ya China ilitumia lile la "nimekusikia". Nakala ya Kichina ikaweka neno zito kuliko la Kiingereza. Nimewahi kusikia taarifa ya habari ya Kiswahili ikisoma yote mawili "inatambua", na hapo mjadala mzima umekufa mikononi mwa mfasiri.

Wengine nao walichagua maneno yao kama mtu anayechagua nyanya. Kanada 1970 ilisema imelizingatia dai la Beijing, basi. Japani 1972 ikasema inalielewa na kuliheshimu kikamilifu. Waafrika wengi tumekwenda mbele zaidi. Tamko la jukwaa la China na Afrika la Septemba 2024 linasema Taiwan ni sehemu isiyotenganishwa ya China. Kwa hiyo ukisikia "sera ya China moja" uliza kwanza: ya nani?

Kambi Popote

"Sijakuahidi ugali" 😂😂 Mwalimu umenimaliza.

Nyuki Mwekundu

Haya yote ni Marekani. Bila Marekani kungekuwa hakuna Taiwan. Mnazunguka tu.

Fundi Cheni

Nyuki, una nusu ya hoja. Juni 1950 vita vya Korea vilipoanza, Rais Truman wa Marekani alituma manowari kwenye mlango wa bahari wa Taiwan, na kweli bila hizo pengine Mao angevuka. Na Aprili 1979, miezi michache baada ya kuhamishia uhusiano wa kibalozi Beijing, ikasainiwa sheria ya bunge lao ya kuendelea kuiuzia Taiwan silaha za kujilinda. Ubalozi ukaitwa taasisi, balozi akaitwa mkurugenzi, kazi ikaendelea. Lakini watu milioni 23 wanaopiga kura, wanaotumia sarafu yao na kusafiri na pasi yao, huwezi kuwafuta kwa kusema "Marekani". Nusu ya pili ya hoja ndiyo hiyo.

Bint Mkunazini

Asalaam aleikum. Nilijua tu mtafika kwetu. Kila ikitajwa Taiwan kuna mtu Bara anasema "kama Zanzibar", na kuna mtu Unguja naye anasema hivyohivyo kwa sababu yake. Naomba msitulinganishe ovyo.

Sisi tuliingia kwenye Muungano kwa hati iliyosainiwa Aprili 1964. Unaweza kuulalamikia muundo wake mpaka asubuhi, na tunaulalamikia, lakini mambo ya nje ni ya Muungano na hakuna anayeishi Zanzibar nje ya Muungano hata leo. Taiwan haijawahi kuwa chini ya serikali ya Beijing ya sasa, si kwa hati wala kwa nguvu. Katiba yetu ya Zanzibar baada ya mabadiliko ya 2010 inasema Zanzibar ni miongoni mwa nchi mbili zinazounda Jamhuri ya Muungano. Ukitaka kujua neno "nchi" lina uzito gani, muulize aliyekuwepo Baraza la Wawakilishi siku zile.

Ila kuna mahali tunakutana nao, nako ni mlangoni. Desemba 1992 tulijiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, Agosti 1993 tukatoka. Machi 2017 Shirikisho la Mpira la Afrika likatupa uanachama kamili, Julai likauchukua likisema hatukustahili kupewa. Miezi minne! Mjomba wangu alikuwa ameshashonesha jezi. Wao wa Taiwan wanaingia Olimpiki kwa jina la "Taipei ya China" tangu makubaliano ya 1981, bila bendera yao, na wakishinda dhahabu unapigwa wimbo wa bendera, wa taifa haupigwi. Angalau mlango wao umewekwa kamba inayoeleweka.

Na kwa taarifa yenu, mchezo huu wa "ukimtambua yule mimi naondoka" ulishachezwa kwenye ngozi yetu. Zanzibar baada ya Mapinduzi iliitambua Ujerumani Mashariki. Ujerumani Magharibi ilikuwa na msimamo kwamba anayeitambua Mashariki hawezi kuwa rafiki yake. Muungano ukaja na ubalozi wa Mashariki uko Unguja. Mwalimu Nyerere akatafuta njia ya kati, Mashariki iwe na konseli kuu tu Dar. Bonn, yaani serikali ya Ujerumani Magharibi, bado ikaondoa msaada wa kijeshi mwanzoni mwa 1965, na Mwalimu akawaambia na misaada mingine chukueni. Maghorofa ya Kikwajuni ambayo watu wanapiga picha, yaliyojengwa na Wajerumani Mashariki, ndiyo kumbukumbu ya ugomvi ule. Waliomo ndani wanajua zaidi habari ya maji kutopanda.

Reli ya Uhuru

Bint Mkunazini, hapo kwa Bonn nimejifunza. Nakunywa maji kwanza.

Mkaazi wa Ruaraka

Habari zenu wadau wa Bongo. Hapa Kenya tuliyaona haya mambo mubashara. Mwishoni mwa 2014 nyumba moja Runda ilishika moto, polisi kuingia wakakuta mitambo ya simu na watu zaidi ya sabini, wengi Wachina, wakidaiwa kutapeli watu huko China kwa simu. Kesi ikaenda, Aprili 2016 korti ikawaachilia wengi. Taiwan ikasema wale walio na pasi zetu warudisheni kwetu. Beijing ikasema ni wetu. Wote 45 waliotoka Taiwan wakapandishwa ndege kwenda China. Wengine walijifungia seli wakisukumana na mlango, polisi wakatumia gesi ya machozi.

Mnaona? Kwenye vitabu ni swali la kutambuliwa. Kwenye seli ni swali la ndege gani unapanda. Kenya haitambui Taiwan, kwa hiyo hakukuwa na balozi wa kusimama mlangoni.

Mtoto wa Ziwa

Bandugu, salamu toka Bukavu. Orodha ya zile kura 35 za kukataa, Kongo-Kinshasa imo. Mobutu alikuwa upande wa Taipei. Kisha Januari 1973 huyohuyo yuko Beijing anapeana mkono na Mao. Msimamo wa kutambua ni kama daladala, abiria anashuka kituo kinachomfaa.

Mwalimu wa Zamu

Na abiria wameshuka wengi. Taiwan yenyewe ilianza mapema kuwatafuta Waafrika: tangu 1961 ilikuwa inaleta wataalamu wa mpunga, Liberia ikiwa ya kwanza, kwa sababu kila taifa jipya lilikuwa kura mpya. Kisha mfuko wa Beijing ukanenepa. Afrika Kusini ikahama 1998, Malawi mwanzoni mwa 2008, São Tomé 2016, Burkina Faso 2018. Afrika amebaki mmoja, Eswatini, tangu uhuru wake 1968. Duniani, Nauru ilipohama Januari 2024, siku mbili baada ya Lai Ching-te kushinda urais wa Taiwan, zikabaki nchi 12, Vatikani ikiwemo. China ilipotangaza 2025 kufuta ushuru kwa bidhaa za nchi 53 za Afrika, iliyoachwa nje mnaijua.

Sanduku la Mbao

Naandika kwa mara ya kwanza, nimekuwa msomaji tu. Nilisoma Tainan, Taiwan, miaka miwili. Dar hakuna ofisi yao, viza niliihangaikia kupitia nchi nyingine.

Likizo moja tulikwenda Kinmen. Hiki ni kisiwa kinachotawaliwa na Taipei lakini kiko mdomoni mwa China. Unasimama ufukweni unaona maghorofa ya Xiamen, mji wa China, kama unavyoona Kigamboni ukiwa Magogoni, ila ni mbali zaidi. Mchangani kumesimikwa vyuma vyenye ncha, vimekula kutu na chaza wameota juu yake, viliwekwa kuzuia maboti ya kivita. Mwaka 1958 Kinmen ilipigwa mizinga mamia ya maelfu. Baadaye ikawa utaratibu: China inapiga siku za tarehe witiri, shufwa mnapumzika, na makombora mengi yalijaa karatasi za propaganda. Iliendelea hivyo mpaka Marekani na Beijing walipoanzisha uhusiano wa kibalozi, 1 Januari 1979.

Kuna mzee pale anafua visu kwa vyuma vya makombora hayo. Alichukua ganda, akakata kipande kama mkate, akakitia motoni. Nikanunua kisu kimoja cha jikoni. Wanunuzi waliokuwa mbele yangu kwenye foleni walikuwa watalii wametoka Xiamen kwa boti ya nusu saa. Walikuwa wanajadiliana bei kwa lugha moja, wanacheka. Mama yangu anakatia mchicha kwa kisu hicho Tabora, hajui lolote.

Nilichokiona: wenzangu darasani walikuwa hawataki kuwa China, lakini pia hawataki mtu atangaze uhuru kesho. Chuo Kikuu cha Taifa cha Chengchi kimekuwa kikiwauliza wananchi miaka na miaka, na walio wengi husema hali ibaki kama ilivyo. Beijing ina sheria ya 2005 inayoruhusu kutumia nguvu kisiwa kikijitenga. Ukijua hivyo, "ibaki kama ilivyo" huiiti woga.

Nyuki Mwekundu

Sanduku, bandiko lako ni zuri. Nimerudi nyuma kidogo kwenye hoja yangu, siyo sana.

Mchuma Karafuu

Kwa hiyo ni nchi au si nchi? Nijibuni kwa neno moja.

Mwalimu wa Zamu

Mkataba wa Montevideo wa 1933 unataka vitu vinne: watu wa kudumu, eneo, serikali, na uwezo wa kuhusiana na wengine. Vitatu vya kwanza anavyo bila ubishi. Cha nne anacho kwa mlango wa uani: Shirika la Biashara Duniani yumo tangu 2002 kama "eneo la forodha", jina refu kama treni. Mikutano ya afya ya dunia alialikwa kama mtazamaji 2009 mpaka 2016, kisha mwaliko ukakoma. Neno moja sina, mkuu. Ningekuwa nalo ningekuwa New York.

Fundi Cheni

Wakuu nawashukuru. Mrejesho: mzigo umetoka jana mchana. Wakala amerekebisha hati, akaweka TW, na yule kijana amenipigia mwenyewe kuomba radhi. Akaniuliza kama kweli wana rais wao. Nimemtumia uzi huu.

Siku nne za storeji hazirudi. Mzigo ujao nitamwandikia kwa kalamu nyekundu juu ya bahasha.

Kambi Popote

Mzee Fundi, shikamoo. Hizo cheni zinaingia kwenye Phoenix?

Fundi Cheni

Marahaba. Zinaingia, hata hizo Phoenix za Shanghai za zamani. Hesabu pingili za ile unayotoa kwanza, kisha njoo dukani na namba. Usije na cheni mkononi ina grisi, utanichafulia kaunta.